Kosa Husomwa, Chanzo Hutafutwa

Ndugu walimu mnaojiandaa kufundisha shule za msingi huenda wakashangaa kukuta habari za gereji katika jarida la mbinu za kufundishia. Lakini fundi wa magari na mwalimu wanafanana katika jambo moja kubwa: kila mmoja huonyeshwa kosa, naye hutakiwa atafute chanzo chake. Maoni yetu ni kwamba katika kazi hiyo fundi mwema ametutangulia.

Magari ya siku hizi yana kompyuta inayochunguza mwenendo wa injini. Nchini Marekani, magari mapya ya abiria yalitakiwa kuanzia matoleo ya mwaka 1996 yatoe taarifa za hitilafu kwa utaratibu mmoja, na nchi nyingine zikafuata. Hitilafu ikitokea, taa ya injini huwaka mbele ya dereva na namba huhifadhiwa. Fundi huchomeka kifaa chake karibu na usukani, akaisoma.

Hapo ndipo fundi wa kweli hutengana na fundi wa kubahatisha. Tuchukue namba P0171. Maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi mno kulingana na petroli. Habari hiyo imetokana na sensa ya oksijeni iliyomo katika bomba la moshi. Fundi wa kubahatisha huing'oa sensa na kutia mpya. Mwenye gari hulipa, na baada ya siku chache taa huwaka tena. Kumbe sensa ilisema kweli: mpira wa hewa umepasuka, au pampu ya petroli imechoka. Aliyeleta habari ndiye aliyeadhibiwa. Wengine huifuta namba tu. Taa huzimika, ugonjwa ukabaki.

Fundi mwema hujaribu. Akikuta P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi sawasawa, na kila silinda ina koili yake, huibadilisha koili hiyo na ya silinda ya pili, asiguse kitu kingine. Namba ikigeuka kuwa P0302, mbaya ni koili. Isipogeuka, hurudi kuchunguza plagi ya silinda ya kwanza.

Sasa tuingie darasani. Mtoto ameandika 52 − 27 = 35. Tunatia alama ya kosa, na pengine tunamwita mzito. Lakini jibu hilo lina vyanzo viwili. Yumkini ametoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 kutoa 2 ni 5. Au amekopa kumi vizuri, 12 kutoa 7 ni 5, kisha akasahau kwamba makumi yamepungua. Wa kwanza hajui kukopa. Wa pili anajua, ila amesahau hatua moja. Kuwafundisha somo lilelile ni kung'oa sensa. Kuwaamuru wanakili jibu la ubaoni ni kufuta namba.

Basi tubadili kitu kimoja: tuwape 53 − 27. Anayetoa ndogo katika kubwa ataandika 34. Aliyesahau kupunguza makumi ataandika 36. Chanzo kimejitokeza bila kiboko wala aibu. Wa kwanza tumpe vijiti vya kuhesabia, afungue fungu la kumi kwa mikono yake; wa pili tumzoeze kuandika makumi yaliyobaki.

Tutaambiwa kwamba madarasa yamejaa na muda hautoshi. Ni kweli kwamba yamejaa. Lakini hesabu moja ya nyongeza ubaoni huwapima wote kwa dakika chache, wakati kurudia somo zima kwa wasiolihitaji hupoteza kipindi kizima.

Gari lililotengenezwa vibaya hurudi gereji. Mtoto aliyesahihishwa vibaya mara nyingi harudi kuuliza. Hukaa kimya akiamini kwamba hesabu si zake. Kwa hiyo, kabla ya kalamu nyekundu kuteremka, tujiulize: kosa hili limetoka wapi?