Meno, Moto na Kijaluba

Msomaji mmoja wa Awendo ameniuliza habari za vijaluba vya kale vilivyochongwa kwa meno ya wanyama, ambavyo Wazungu walitilia njiti za kuwashia moto. Tena auliza kama meno ya kiboko aliyoachiwa na babu yake yaweza kuuzwa kwa wanaotafuta vitu vya namna hiyo.

Asili ya vijaluba hivyo ni hofu. John Walker, mwuza dawa wa Stockton, Uingereza, alianza kuuza njiti za kiberiti mwaka 1827. Zile zilizofuata, zenye fosforasi, ziliwaka kwa kukwaruzwa popote. Zikisuguana mfukoni, koti la bwana laungua naye yumo ndani. Hapana budi kuwa na kasha gumu. Jino la nguruwe mwitu lilifaa sana, maana shina lake lina uvungu. Fundi alilikata, akalisugua, akalitia nakshi, kisha akalifunga kifuniko cha fedha, na upande mmoja akaweka mikwaruzo ya kuwashia. Njiti zilikaa kavu, wala hazikusuguana na nguo.

Wazee wa Kijaluo hawakuwa na haja ya kijaluba. Moto wao ulikaa katika duol, kibanda cha mwenye boma, ukila samadi kavu ya ng'ombe. Ukizimika, mtoto alitumwa kwa jirani kuchukua kaa katika kigae. Na mtu alipokwenda kujenga boma jipya, moto ulichukuliwa pamoja na jogoo na shoka. Meno ya kiboko, anayeitwa rao, yalivaliwa kichwani siku za fahari. Kwa maoni yangu, hiyo ilikuwa kazi bora kuliko kubeba viberiti.

Sasa juu ya kuuza. Tangu mwaka 1995 biashara ya kiboko kati ya nchi na nchi iko chini ya mapatano ya CITES, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yamkataza mtu kuweka au kuuza sehemu ya mnyama wa mwitu pasipo kibali. Mtu asidhani kwamba urithi wa babu waondoa sharti hilo. Mnunuzi huja na gari, huondoka na gari; anayekutwa na meno ni mwenye nyumba.

Yafaa msomaji wetu aende kwanza katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, aeleze alivyoyapata, aulize habari za kibali. Na jioni hiyo hiyo aandike jina la babu yake na sherehe alizoyavaa, wakati wangali hai wanaozikumbuka.