KIDONDA KIANDIKWE SIKU ILE ILE



Mtu akitajiwa reli na hatari, hukumbuka simba wa Tsavo. Kweli simba wale waliua watu mwaka 1898, na vitabu viliandikwa. Lakini katika kujenga reli toka Mombasa mpaka Kisumu, 1896 hata 1901, vibarua wa kutoka India peke yao walikufa karibu 2,500, na wengi wao waliuawa na magonjwa na ajali, si simba. Waafrika waliokufa hawakuhesabiwa sawasawa.

Hatari ya sehemu yetu, tangu Sagana hata Nanyuki, haina manyoya. Ni mataruma mazito, ni nyundo, ni kuingia katikati ya mabehewa kuyaunga huku dereva akidhani umekwisha toka. Mwezi wa Julai, asubuhi, baridi ya mlima hutia vidole ganzi na reli ina umande. Ndipo mtaimbo humponyoka mtu ukaangukia mguu wake au wa mwenziwe.

Mimi kabla ya kuingia kazi ya reli nilivunja mawe kwa mkandarasi mmoja. Kijiwe kilimrukia mwenzangu jichoni. Mnyapara akampa shilingi mia mbili za dawa, akamwambia asiseme, kesho atapata kazi tena. Akanyamaza. Jicho lilipopofuka, hapakuwa na kitabu chenye jina lake wala tarehe, na mkandarasi akasema hamjui. Nami nilikuwapo nikaona, nikanyamaza vilevile, kwa kuwa nilitaka kazi ya kesho.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka kila mwajiri awakatie watu wake bima, na akiisha pata habari ya ajali apeleke taarifa serikalini katika siku 7. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Basi kidole kikibanwa leo, mwambie msimamizi leo, hata kwa mdomo, mbele ya shahidi, nawe uone kwa macho yako kikiandikwa, tarehe na saa. Wako wasemao kwamba kushtaki kidole ni uoga. Hao hatujawaona wakimlipia mtu jicho.

Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka ule ule, yasema ukiisha mwarifu msimamizi kuwa mahali pana hatari kubwa, asikulazimishe kurudi hapo mpaka parekebishwe.

Wenzetu wa Karatina, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki ambao hawakufika mkutanoni wasomewe ukurasa huu.