Isiolo Mnayoichora Haina Vumbi Wala Watu

Ingia hoteli yoyote ya watalii kati ya Isiolo mjini na Archer's Post, pita mapokezi, angalia ukutani. Utakuta mgunga mmoja, jua la rangi ya chungwa nyuma yake, labda twiga wawili. Nyasi ni za kijani kama za Kericho. Hakuna mbuzi. Hakuna lori la maji, hakuna bodaboda, hakuna nguzo ya stima. Kama kuna mtu, ni moran aliyesimama kwa mguu mmoja, mbali, mdogo kuliko mti.

Mimi nasema picha hiyo ni uongo, na uongo wenyewe una bei. Wanaoilipa ni watu wa huku.

Najua jibu lenu. Wewe si mchoraji, wewe ni mwandishi wa vibarua, hata chuo hukumaliza. Sawa. Niliacha chuo mwaka wa pili ada ilipokosekana, nikarudi Isiolo, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa, yakiwemo yale maelezo mafupi yanayobandikwa chini ya michoro ya kuuzwa. Mteja mmoja aliniambia niandike "uwanda usioguswa" chini ya mchoro wa mahali ninapopajua vizuri sana. Shangazi yangu hunywesha ng'ombe hapo. Mama yake alinyweshea hapo pia. Usioguswa na nani, sasa?

Tuanze na majira, kwa sababu hapo ndipo uongo unapozaliwa. Tukiwa shule tulichora mandhari ya aina moja: milima miwili, jua katikati, mto unateremka, nyumba yenye bustani. Kila mtoto, kila darasa. Desemba ikifika, maduka yanabandika pamba dirishani iwe theluji, kwenye mji ambao mtu anatafuta kivuli cha kuegesha pikipiki. Kinachochekesha ni kwamba theluji ya kweli tunayo. Amka saa kumi na mbili asubuhi, angalia kusini, na kama mawingu hayajapanda utaiona kwenye kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, na kila kizazi kinaikuta imepungua. Hiyo hatuichori. Tunachora ya pamba.

Majira yetu magumu hayana theluji. Ni kiangazi cha kipupwe, Juni hadi Septemba, wakati watu wa Nairobi wamejifunika majaketi na wanalalamika. Huku mvua ya masika imeisha kitambo, ya vuli bado iko mbali, na upepo unavuma mchana kutwa mpaka mabati yanaongea. Huo ndio mwezi ambao wachoraji wetu wanafunga madirisha, wanafungua simu, wanatafuta picha ya Samburu iliyopigwa na mtalii Mei baada ya mvua, kisha wanainakili. Halafu kazi inaitwa "Isiolo".

Na ukiwaambia watoke, wanakuuliza: nitoke nikachore nini, kumekauka.

Kwani kukauka ni kukosa rangi? Nenda kwenye laga yoyote. Saa moja asubuhi mchanga ni wa kijivu chenye wekundu kidogo. Saa sita ni mweupe, hauna kivuli hata kimoja, macho yanauma. Saa kumi na moja umekuwa kama kutu. Miiba ya migunga, ambayo wakati wa mvua hufichwa na majani, sasa inang'aa meupe. Mswaki umebaki kijani peke yake. Mikoma imejipanga kando ya Ewaso Nyiro na kukuonyesha mto ulipo kabla hujauona. Na kijani chenyewe si lazima kiwe habari njema: ukikuta kichaka kizito kimenawiri katikati ya ukame, huenda ni mathenge, mti ulioletwa Kenya kuzuia jangwa, sasa unaziba njia za mifugo na kuharibu meno ya mbuzi. Mchoraji anayedhani kijani ni uzima na kahawia ni kifo hajui anachokitazama.

Zaidi ya rangi, kuna kazi. Kiangazi ndicho kipindi ambacho ardhi ya huku ina shughuli nyingi kuliko wakati wowote. Watu wanachimba visima kwenye mchanga wa laga, wanapokezana ndoo, wanapanga zamu za mifugo, wanatuma vijana mbele kuangalia malisho. Mahali panapoitwa tupu pana ratiba, wazee wanaoisimamia, na kesi zake.

Sasa nije kwenye bei niliyoitaja.

Mchoraji maarufu kuliko wote waliowahi kuishi Isiolo ni Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba wake Elsa, lakini alikuwa mchoraji. Mumewe George alikuwa afisa wa wanyamapori, kituo chake hapa Isiolo. Serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya, akachora mamia, na baadhi wako kwenye makumbusho ya taifa Nairobi. Nendeni mkawaone. Mkono wake ulikuwa mzuri, sitabisha. Shanga unaweza kuzihesabu. Lakini angalieni nyuma ya hao watu: mara nyingi ni karatasi tupu. Mborana hana kisima, Msamburu hana mlima. Watu wamewekwa upande mmoja bila ardhi, na upande wa pili ardhi ya hifadhi imebaki na wanyama bila watu. Simlaumu yeye pekee. Huo ndio uliokuwa mtazamo wa serikali iliyomlipa. Kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa, unaingia kwa kibali.

Uhuru ukaja, mtazamo ukabaki. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Tafsiri yake kwa mtu wa Isiolo: kwenu hakuna kitu. Na leo ukitaka kuona mchoro wa mandhari ya Isiolo wenye thamani kuliko yote, usiende kwenye maonyesho. Tafuta ile michoro ya kompyuta ya mji wa mapumziko wa LAPSSET, ule wa Kipsing Gap. Majengo ya vioo, barabara pana, miti ya kupandwa. Nimeikagua kwa makini na sikuona mbuzi hata mmoja. Mtu anayechora ardhi hivyo ameshaamua nani atahama.

Ndiyo maana sikubali mnaponiambia "ni picha tu, bana". Ukichora ardhi bila watu mara elfu moja, siku moja mtu atakuja na ramani na kuuliza kwani hapa paliwahi kukaa nani. Na ushahidi wake uko ukutani, kwenye fremu, umewekwa na sisi wenyewe.

Kuna wanaojitetea kwamba wao huchora kiangazi. Mnachora mzoga. Ng'ombe amelala mbavu nje, mtoto ameshika kibuyu, anatazama kamera ya shirika la misaada. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulikuwa wa kweli, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa, na kuna familia ambazo boma lao halijajaa tena. Sisemi mfiche hilo. Nasema mzoga peke yake nao unafuta watu: unawaonyesha wakingoja, hauwaonyeshi wakifanya kazi. Kwenye kadi ya posta ardhi haina mtu, kwenye bango la misaada mtu hana akili.

Halafu kuna kisingizio cha vifaa. Vumbi linaharibu rangi, akriliki inakauka kwenye sahani kabla hujachovya mara ya pili, rangi ya mafuta inakaa mbichi siku nzima na kushika mchanga. Yote kweli. Lakini mchoro wa Claude Monet wa ufuo wa Trouville, wa mwaka 1870, uko National Gallery kule London na chembe za mchanga bado zimo ndani ya rangi. Hakuna aliyeutupa. Kuhusu gharama, Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa hadibodi na rangi ya kawaida ya dukani, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Wala sisemi mchome studio zenu. Tom Thomson wa Kanada alitoka na vibao vidogo vya mbao, akachora harakaharaka msituni, kisha baridi ikibana akarudi Toronto na kuvigeuza kazi kubwa. Hiyo hata hapa inawezekana. Rafiki yangu mmoja anakata hadibodi saizi ya daftari, anakaa mgongo kwa upepo kuanzia saa kumi na mbili na nusu, na saa tatu ameshafunga. Majina ya rangi anayaandika pembeni kwa penseli. Mchana upepo ukichachamaa yuko ndani anamalizia, mlango umefungwa, lakini anamalizia kitu alichokiona.

Tena Sam Ntiro, Mchaga aliyesomea Makerere, alikwenda kusoma London na baadaye akarudi huko kama balozi wa Tanganyika, na michoro yake iliendelea kurudi Kilimanjaro. Hakuwa na mlima dirishani. Alikuwa nao kichwani, kwa hiyo miteremko yake imejaa watu: wanalima, wanabeba, wanajenga. Kazi yake moja iko Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Ntiro alichora akiwa mbali na kwao na bado akasema ukweli, kwa sababu alikuwa anapajua. Nyinyi mko kilomita mbili kutoka kwenye laga.

Kwa hiyo Julai ikifika msinitumie tena mgunga na machweo niuandikie maneno matamu. Hiyo kazi nimeacha, hata kama kodi inanidai. Nileteeni mchanga wa saa sita, lori la maji likipita njia ya Kulamawe, wanawake kwenye zamu ya kisima, mlima kwa mbali. Wachoreni wakubwa kuliko mti. Na chini yake nitaandika jina la mahali penyewe, lile wanaopaishi wanalolitumia.