Jua la Ijara Lisisingiziwe

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba jua la Ijara ndilo linalomaliza waya za magari yetu makuukuu, na kwamba dawa ni utepe mweusi tu, amekosea mara mbili.

Kwanza, jua la Masalani, mji wa Ijara, hata likiwaka vipi, joto huwa nyuzi 40 hivi. Ganda la kawaida la PVC huhimili nyuzi 80 hadi 105. Muuaji ni bomba la ekzosi pale linapotokea kwenye injini: hapo joto linaweza kupita nyuzi 400. Fungua boneti ya Land Cruiser kuukuu: waya iliyong'oka kwenye kibanio imelalia bomba hilo, ganda limekauka na kupasuka, shaba inachungulia.

Pili, utepe ukipata joto gundi yake huyeyuka, ukafunguka wenyewe. Kata kipande kilichoungua, unga kipya cha unene uleule, kivishe soksi ya nyuzi za kioo, kisha ukibane mbali na bomba. Rudisha na bati la kinga ambalo mafundi hulitupa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shoti ikitokea njia ya Hulugho, utepe hauzimi moto.