Kawia Ufike
Kila nikimsikia kijana wa miaka 25 akilalamika kwamba wakati umempita, namkumbuka Alan Rickman. Mwigizaji huyu Mwingereza alizaliwa mwaka 1946 mtaani Acton, magharibi mwa London. Alipokuwa na miaka 8 baba yake alifariki, mama akabaki kulea watoto wanne. Rickman hakukimbilia jukwaani. Alisomea usanifu wa michoro, akafungua studio na rafiki zake, akala jasho lake huko. Ni akiwa na miaka 26 ndipo alipoandika barua kuomba kusailiwa na RADA, chuo mashuhuri cha uigizaji. Baada ya chuo alipikwa miaka mingi na tamthilia, na filamu yake ya kwanza ya sinema, Die Hard, ilipotoka mwaka 1988 alikuwa na miaka 42. Humo aliigiza jambazi Hans Gruber, mtu mtulivu, mtanashati, mwenye sauti nzito isiyo na haraka, na utulivu huo ndio uliotisha. Kati ya 2001 na 2011 watoto wa dunia nzima wakamjua kama Profesa Snape katika filamu 8 za Harry Potter. Saratani ya kongosho ilimchukua Januari 2016, akiwa na miaka 69. Tuache basi kuwafungia watu milango kwa sababu ya umri. Kipaji hakina tarehe ya mwisho. Aliyechelewa kuanza huenda ndiye aliyeiva. Wahenga hawakukosea: kawia ufike.