MASTAA WA BONGO MUVI, UTOTO WENU WA USWAHILINI MMEUFICHA WAPI?

Wapo mastaa wa Bongo Muvi, majina kapuni, ukiwasikia kwenye intavyuu ya redio lazima ulie. Huyu aliuza maandazi ya mama yake Manzese kabla ya kwenda shule. Yule alilala chumba kimoja na ndugu zake wote, mvua ikinyesha wanasimama mpaka asubuhi. Mtangazaji anafuta machozi, msikilizaji anafuta machozi.

Sasa subiri filamu yao mpya itoke. Mjengo wa kukodi, geti linafunguliwa na mlinzi, gari la kuazima, wigi, mtu anapanda ngazi, anashuka ngazi. Mtoto je? Yupo sekunde chache tu: "Nenda chumbani kacheze, wakubwa tunaongea." Basi, kaishia hapo.

Ukiwabana wana jibu lao: eti watu wamechoka na shida, nani atanunua filamu ya kuangalia shida zake mwenyewe?

Huo ni uongo. Mwaka 2016 ilitoka Queen of Katwe, ya Mira Nair, mama wa Kihindi mwenye nyumba yake Kampala. Ni stori ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa watu wa hali ya chini pale Kampala. Anauza mahindi, kusoma hajui, kisha kocha Robert Katende anamfundisha kucheza sataranji. Siku ya kwanza watoto wenzake wanamcheka kwamba ananuka, ngumi zinarushwa. Kesho yake binti anajisugua kwa maji na kurudi tena. Mama yake, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anauza kitambaa chake cha thamani ili mtoto apate mafuta ya taa ya kusomea usiku. Hakuna helikopta, hakuna bastola, na bado mtu unashindwa kubanduka kwenye kiti. Tena Madina Nalwanga, binti aliyembeba Phiona, ni mtoto wa Kampala hapo hapo na alikuwa hajawahi kucheza filamu.

Najua wapo watakaosema, "Aah, zile ni hela za Disney, na hata sinema haikuuza sana." Sawa. Kuna Soul Boy ya mwaka 2010, ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera kwa Kiswahili. Ndiyo, Wajerumani waliwashika mkono, lakini filamu yenyewe ni ya saa moja tu: kijana Abila anazunguka vichochoro vya mtaa wake kuitafuta roho ya baba yake iliyopotea. Kumkalisha mtoto mbele ya kamera na kumsikiliza kunahitaji bajeti ya Disney?

Sasa twende Munanila, kule milimani Kigoma, jirani na Burundi. Watoto wanabanana kwenye banda la video wanaangalia muvi za Kihindi na za mapigano zilizotafsiriwa. Ikiwekwa ya Bongo, wanajiona wapi? Kigoma ikitajwa humo utaona mganga na tunguri zake, au mfanyakazi mwenye lafudhi ya Kiha aliyewekwa ili watu wacheke.

Na kutoka milima hiyo hiyo kuna mabinti wanaomaliza darasa la saba na kupanda basi kwenda Dar kufanya kazi za ndani. Binti anafikia kwenye mjengo kama ule ule unaokodiwa. Siku ya kushuti anaambiwa, "We dada, pisha hapo, unaonekana kwenye kamera." Anapisha. Kisha kamera inawashwa, na mtu mzima aliyepakwa poda anaigiza hausigeli mwizi wa mume wa bosi. Mwenye stori kafukuzwa jikoni ili stori ya uongo ipate nafasi!

Wapo wachache wanaojaribu, heshima kwao. Wengine waambiwe ukweli: kulia maandazi redioni wakati kwenye kamera unaona aibu kuyaonyesha ni kuufanyia biashara utoto wako. Na yule mtoto anayeuza maandazi asubuhi ya leo Manzese bado hajamuona mtu kama yeye.

Wadau, mara ya mwisho kuona mtoto wa kweli kwenye Bongo Muvi ilikuwa lini? Tiririka hapo chini.