Baina ya Uwanja wa Ndege na Mjini



Kijana mmoja tuliyemsomesha Juzuu ya Amma hapa Mwika, ambaye sasa amepata nafasi ya masomo Dar es Salaam, alitujia siku chache zilizopita na swali ambalo kwanza tulilidhania dogo. Baba yake amemnunulia tikiti ya ndege. Akataka kujua: akishuka huko, atafikaje mjini? Tulitaka kumjibu kwa maneno mawili, kisha tukakumbuka yaliyotupata sisi wenyewe, tukaona yafaa ajibiwe katika ukurasa huu, kwani hapana shaka wako wengine wanaolihitaji jibu hilo.

Watu wengi hudhani kwamba safari ya ndege huanza mtu anapopanda na kwisha anaposhuka. Hakika yake sivyo, na sisi watu wa mlimani twalijua jambo hili vizuri. Kabla ya kuiona ndege hutupasa kuteremka hadi Himo, tukaishika barabara ya Moshi, tukapita Boma Ng'ombe, ndipo tukafika njia panda ya KIA. Uwanja ule, uliofunguliwa mwaka 1971, uliwekwa baina ya Moshi na Arusha ili uitumikie miji yote miwili; basi ukawa mbali na yote miwili. Basi la Arusha humshusha abiria barabarani, na kutoka hapo hadi penye majengo pana kilomita kadhaa za nyika, ambazo si za kutembea na sanduku kichwani. Ndege yenyewe hadi Dar es Salaam huchukua saa moja na kidogo tu.

Mwaka jana tulimpeleka dada yetu mkubwa Dar es Salaam kutazamwa macho. Nauli na fedha za dawa zilichangwa na jamaa. Mmoja aliuza mbuzi, mwingine akatoa fedha ya kahawa yake yote. Tulitua jua likikaribia kuchwa. Mlangoni tulipokewa na kijana mwenye adabu nyingi. Akamwamkia dada yetu, "Shikamoo, mama," na kabla hatujamjibu neno sanduku lilikuwa mkononi mwake. Tukamwuliza nauli ya kwenda Kariakoo ni kiasi gani. Akasema, "Ingieni tu, shehe, tutaelewana huko mbele." Nasi tukaingia.

Tulipofika Kariakoo alitaja fedha iliyozidi maradufu ile tuliyokuwa tumeambiwa na wenyeji wetu. Tulipostaajabu akasema foleni ilikuwa ndefu, na sanduku lina nauli yake, na tena usiku umeingia. Dada yetu, ambaye haoni vizuri, alikuwa amesimama kando ya barabara ametushika mkono, watu wakimpita huku na huku, naye akiuliza kama tumefika. Tukatoa fedha tukaondoka. Fedha ile ilikuwa ya dawa, na dawa moja katika zile alizoandikiwa tuliinunua nusu.

Usiku ule tulimlaumu sana kijana yule. Kulipokucha tukaona kwamba nasi tulikuwa na sehemu yetu katika kosa. Miaka mingi tumekuwa tukiwafundisha watoto mlango wa ijara: akodiye punda, au chombo, au mtu wa kumlimia shamba, hana budi ujira ujulikane kabla ya kazi kuanza, kwa sababu neno "tutaelewana" ndilo mama wa ugomvi. Somo hilo tulikuwa tumeliacha mkekani Mwika. Wala hatupendi msomaji adhani kwamba madereva wote wa uwanjani ni wa namna hiyo. Dereva huenda akashinda kutwa akingoja abiria mmoja, na akimfikisha mjini hurudi gari tupu. Ana haki ya kupata malipo mazuri. Haki yake ni kuyataja mapema, na haki yetu ni kuyakataa.

Sasa tueleze njia yenyewe. Uwanja wa Julius Nyerere uko upande wa Kipawa, kilomita kama 12 kutoka katikati ya mji, na barabara ni moja, ile ya Nyerere, ambayo zamani ikiitwa barabara ya Pugu. Kwanza abiria atazame katika tikiti ndege yake ni ya jengo lipi, maana majengo ni matatu. Lile la zamani, ambalo ndege ndogo hulitumia, liko peke yake mbali na mengine. Na la tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, lilijengwa kwa ajili ya safari za nje. Anayekwenda kumpokea mgeni naye aulize vivyo hivyo, asije akangoja penye mlango usio wake.

Asiye na mizigo mingi aweza kutoka nje hadi barabara kuu akapanda daladala zitokazo Gongo la Mboto kwenda mjini. Atapita Tazara, penye daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018, kisha Chang'ombe, kisha Kamata na Gerezani, na hapo Kariakoo i karibu. Nauli yake ni ndogo kabisa ukiilinganisha na ya teksi. Lakini mwenye sanduku kubwa, au mgonjwa, au mama mwenye mtoto mchanga, asijaribu jambo hili asubuhi watu wanapokwenda kazini. Tumeona daladala ambayo hata mkoba wa vitabu haukupata mahali pa kukaa. Yako pia magari yanayoitwa kwa simu, nayo huonyesha bei kabla ya mtu kupanda. Kwa upande wa ijara jambo hilo limetupendeza, ingawa bei hupanda mvua inyeshapo. Aliitaye na alinganishe namba ya gari na ile iliyo katika simu yake kabla ya kufungua mlango.

Kuhusu wakati, kilomita 12 zisimdanganye mtu. Alfajiri ni nusu saa. Jioni zaweza kuwa saa nzima na zaidi. Siku ya kurudi tulihesabu kilomita hatukuhesabu magari, na tulipofika mlangoni tukaambiwa kupokea abiria kumekwisha. Ndege ilikuwa bado iko chini, twaiona. Tukarudi na basi kutoka kituo cha Mbezi, tukashuka Himo dada yetu akiwa na miguu iliyovimba. Hata Magharibi ya siku ile ya kwanza ilitupita tukiwa katika foleni, tukaiswali pamoja na Isha kwa ruhusa ya msafiri.

Wako na vijana wetu wanaopitia Nairobi kwenda ng'ambo. Hao wajue ya kuwa Nairobi haina uwanja mmoja. Ule mkubwa wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na kupewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978, ndio wa ndege za mbali. Na ule wa Wilson, katika barabara ya Lang'ata, ni wa ndege ndogo. Mwenye kushuka mmoja na kupandia mwingine hana budi kuvuka sehemu ya mji. Tangu Mei 2022 iko barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inayolipiwa, ambayo imewapunguzia taabu watu wa Embakasi. Watokao Moshi kwa mabasi madogo ya Nairobi wamwambie dereva mapema kama wanashukia uwanjani, wasije wakapelekwa mjini wakalazimika kulipa tena kurudi.

Mahujaji wetu nao huuliza habari za Jeddah. Tangu 2018 liko gari la moshi la umeme kutoka Makka hadi Madina kupitia Jeddah, lakini hujaji aliye katika msafara hupelekwa kwa mabasi pamoja na wenzake, na heri kwake ni kutoachana nao.

Kijana wetu tumemwandikia katika karatasi vituo vya barabara ya Nyerere kwa kufuatana kwake, na kiasi cha nauli tulichokiulizia kwa wenyeji wa Dar es Salaam. Sanduku lake ni kubwa, kwa hiyo atapanda teksi. Dada yetu atarudi kutazamwa macho baada ya Mfungo Mosi. Safari hii mpwa wetu aishiye huko atatungoja mlangoni, na kurudi tutatoka Kariakoo saa tatu kabla ya ndege, hata wenyeji wakitucheka.